Kumtafutia Mtambo Sauti

Kila mwombaji tulimpa sentensi hizi mbili azisome: "Nahodha, mlango wa saba umefunguliwa. Hakuna aliyeufungua." Anayesema ni akili unde inayoendesha kituo cha uchimbaji madini kwenye asteroidi. Waliobaki kituoni ni watu wanne, wote usingizini, na mlango wenyewe unatazama nje, kusiko na hewa. Jina la gemu na la mhusika siwezi kuyataja kwa kuwa mkataba wa usiri bado una nguvu, kwa hiyo hapa nitamwita Mlinzi. Hata waombaji walipewa jina la bandia. Ndivyo kazi hii inavyokwenda: mtu anaweza kusailiwa kwa gemu kubwa ya Marekani asijue ni gemu gani mpaka apate nafasi, na wakati mwingine mpaka siku ya kurekodi.

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Walioitengeneza gemu ni vijana wanaojua michoro na mwendo wa vitu angani kuliko nitakavyowahi kujua mimi, ila walikubaliana kwamba sikio la mtu aliyetoka kwenye michezo ya redio litawafaa. Mimi ni wa kizazi kilichomfahamu Mkwaju, yule dereva wa lori wa Twende na Wakati, mchezo ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Uso wake hatukuujua na hatukuuhitaji. Tulikuwa na sauti, na kwa sauti hiyo tu tulikuwa tayari kumgombeza.

Faili zikaanza kuingia: Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa, Unguja, Lubumbashi, Bujumbura, hata Muscat. Na wengi wa waliozituma, wake kwa waume, walikuwa mtu mmoja: yule dada wa mtandao wa simu. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye. Utulivu ule ule, mshuko ule ule mwishoni mwa sentensi, tabasamu lile lile lisilo na mwenyewe. Sikuwalaumu. Mtu wa kwetu akiambiwa aigize mashine inayoongea Kiswahili, ni mashine gani nyingine iliyowahi kumsemesha? Labda ile ya benki inayoita mteja aende dirisha namba nne. Kundi la pili walikuwa wasomaji wa taarifa ya habari. La tatu, wadogo zaidi kwa umri, walikatakata silabi: Na-ho-dha, m-la-ngo, kwa mtindo wa roboti wa filamu za zamani.

Tatizo la hili kundi la tatu ni rahisi kulieleza. Uroboti hautoki kooni, unawekwa baadaye. Dalek wa Doctor Who, walioanza kusikika kwenye BBC mwezi Desemba 1963, walisemewa na waigizaji wa kawaida, kisha sauti hizo zikapitishwa kwenye kifaa kinachozichanganya na wimbi la umeme la mtetemo wa chini. Leo programu ya bei nafuu inafanya hivyo kwa kubofya tu. Mwigizaji akiniletea sauti iliyokwisha kukatwakatwa, fundi wetu hana tena cha kukata. Kuna mfano mmoja maarufu unaoonekana kunipinga, nao ni GLaDOS wa Portal, gemu ya mwaka 2007. Ellen McLain, mwimbaji wa opera, aliiga namna programu ya kompyuta inavyosoma maandishi, halafu sauti yake ikachakatwa. Lakini msikilize vizuri. Chini ya ule ubapa inapita dharau, tena dharau yenye mlengwa, na yule mtambo anajua fika ni nani amemkalia kooni. Walioniletea Na-ho-dha waliuchukua ubapa wakamwacha mlengwa.

Basi swali langu kwa kila faili lilikuwa hilo hilo: huyu anamwambia nani?

Unaweza kulisikia jibu ndani ya sekunde chache. Wengi wao waliibeba sentensi ya pili kama tangazo la filamu ya kutisha. Walishusha sauti, wakavuta pumzi, wakanong'ona "hakuna... aliyeufungua" hadi mwisho ukapotea. Lakini Mlinzi hajui kwamba yumo kwenye hadithi ya kutisha. Yeye ana orodha ya milango, na mlango mmoja haulingani na orodha. Hofu ni ya mchezaji aliyeshika simu. Mtambo ukianza kuogopa kabla yake, mchezaji anabaki mtazamaji.

Faili moja ilinifanya nivue hedifoni, niivae upya, nirudie. Alikuwa mwanamume, na nyuma yake kulikuwa na jenereta. Alisema sentensi ya kwanza kawaida kabisa, akaacha nafasi ndogo, pengine nusu sekunde, kisha ya pili akaipitisha haraka na kwa wepesi kuliko ya kwanza. Ile nafasi ndogo ilikuwa na kazi. Ulimsikia akirudi kuhakiki: nani yuko wapi, nani kalala, ufunguo uko kwa nani. Na wepesi wa sentensi ya pili ulikuwa wa mtu anayetaka taarifa ipokelewe kabla hajaulizwa swali asilo na jibu lake. Hakuongeza chochote kwenye sauti yake, alikuwa akifikiri tu huku maiki iko wazi.

Nilikuwa sijui ni nani wala yuko wapi. Msaidizi wangu alibadilisha majina ya faili zote kuwa namba kabla hazijanifikia, na jedwali la majina alibaki nalo yeye. Wanawake na wanaume walichanganywa, kwa sababu muswada haukusema Mlinzi ni wa jinsia gani. Napendekeza utaratibu huu kwa yeyote anayesaili sauti katika miji yetu, maana tunajuana mno. Ukishasoma jina la mtu uliyefanya naye kazi redioni, masikio yanaanza kumtafutia udhuru.

Kuhusu kelele sikuwa mkali. Jogoo, adhana, bodaboda, pangaboi lenye bawa lililolegea, vyote hivyo havimpunguzii mtu alama, kwa sababu atakayechaguliwa atakuja studio. Mwangwi wa chumba kitupu ndio unaoudhi, kwa kuwa unaficha miisho ya maneno, nami nataka kusikia miisho. Kwa anayejirekodi nyumbani, simu ya kawaida ndani ya kabati lililojaa nguo inashinda maiki ya gharama sebuleni penye vigae. Kitu nilichokikatia alama bila huruma ni kimoja: faili zilizosafishwa kwa programu ya kuondoa kelele hadi mtu anasikika yuko chini ya maji. Hapo sina tena cha kutathmini. Afadhali jogoo.

Baada ya hedifoni, nilisikiliza tena kwa spika ya simu, simu ya bei ya kawaida, kwa sababu wachezaji wengi wa kwetu gemu wanaichezea humo. Hapa ndipo vipenzi vya ofisi vilipoanguka. Mitetemo ya msingi ya sauti ya mwanamume mzima akiongea huwa kati ya hezi 85 na 180 hivi, na spika ndogo ya simu haina ubavu wa kuitoa ipasavyo. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye besi ya kutetemesha meza, na vijana walikuwa wameshaanza kumwita Mlinzi. Kwenye simu besi ilikwenda zake, ikabaki sauti nyembamba inayomeza konsonanti. Hilo si kosa lake. Ila mchezaji anatakiwa asikie "saba", asisikie "sita", vinginevyo anakwenda mlango usio wake na kufa.

Kipimo kilichofuata ni cha marudio. Kwenye filamu mstari unasikika mara moja. Kwenye gemu, "Oksijeni imebaki asilimia ishirini" unaweza kumfuata mchezaji jioni nzima, kila anapochelewa kurudi kituoni. Kwa hiyo niliichukua kila sauti iliyokuwa imefika hatua hii, nikaiweka ijirudie huku nikifanya kazi nyingine, kupiga pasi kwa mfano. Sauti zenye mbwembwe zilichosha upesi. Ule mkunjo mzuri kwenye "ishirini" uliokufurahisha mwanzoni unageuka kero, na kero ikizidi mchezaji anazima sauti. Niliowapandisha ni wale ambao nilisahau kuwa wanaongea lakini habari ya oksijeni iliendelea kunifikia.

Wenye gemu walikuwa na wazo la kupunguza gharama: turekodi vipande, "mlango", "kifaa", "umefunguliwa", namba moja hadi ishirini, kisha programu iviunganishe. Kiswahili kilikataa mara moja. Mlango umefunguliwa, kifaa kimefunguliwa, valvu imefunguliwa, na kila ngeli inadai kiambishi chake. Hata pale viambishi vinapokubali, kidato cha sauti hakikubali, maana "saba" ya katikati ya sentensi si "saba" ya mwisho. Ikabidi kila sentensi irekodiwe nzima, orodha ikawa ndefu mno, na mimi nikaongeza sifa nyingine ya kutafuta: ustahimilivu. Mistari ya gemu hukaa kwenye jedwali la kompyuta, mara nyingi bila mpangilio wa hadithi. Mwigizaji anaweza kusema buriani ya mhusika asubuhi na salamu yake ya kwanza baada ya chakula cha mchana. Anayehitaji kupandishwa na mwenzake ili alie, kama jukwaani, atapata taabu, kwa sababu kibandani yuko peke yake na namba ya mstari.

Kwa hiyo kwenye duru ya pili tuliwapa mstari mmoja bila maelezo yoyote: "Nilikuambia usirudi." Nani kamwambia nani, wapi, lini, hatukusema. Wengi walirekodi njia tatu kama tulivyoomba, na njia tatu za wengi zilikuwa kwa sauti ya chini, ya kati na ya juu. Wachache waliuliza kwanza. Mama mmoja alinitumia ujumbe wa WhatsApp: "Mwanangu, huyu aliyerudi ni mtu ninayempenda au ninayemwogopa? Maana maneno ni hayo hayo." Alama yake nikaiandika kabla sijapokea sauti yake.

Suala la lafudhi lilituletea ugomvi wa kweli. Stanley Kubrick alipotengeneza 2001: A Space Odyssey, filamu ya mwaka 1968, kompyuta HAL ilirekodiwa kwanza na Martin Balsam, kisha kazi hiyo ikawekwa kando kwa sababu alisikika Mmarekani mno. Nafasi akapewa Douglas Rain, Mkanada wa majukwaa ya Shakespeare, ambaye matamshi yake msikilizaji hayajui ni ya wapi. Wenzangu walitaka vivyo hivyo: Kiswahili cha mashine kisicho na kwao. Mimi sikijui Kiswahili hicho. Kile tunachokiita sanifu nacho kina kwao. Ukikisikia unamwona mtangazaji wa serikali au mwalimu wa zamu. Mombasa inasikika Mombasa, Unguja inasikika Unguja, na bara kila mmoja ana kijiji chake kwenye "r" na "l".

Jedwali la majina lilipofunguliwa, yule mwanamume wa jenereta akawa mtu wa Lubumbashi. Ofisini wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliozoea kumsikia Mkongomani kwenye vichekesho. "Wachezaji watatania," akasema mmoja. Nikawauliza hadithi yetu inatokea wapi. Kwenye mgodi. Basi Kiswahili cha kwao, cha Katanga, kilikomaa migodini, kwenye shaba, tangu enzi za kampuni ya Union Minière iliyoundwa mwaka 1906, wafanyakazi wa makabila mengi wakihitaji lugha moja ya kazi. Kama kuna Kiswahili chenye haki ya kupanda hadi kwenye mgodi wa angani, ni kile. Kicheko kiliisha, ingawa nisiseme walishawishika wote.

Katikati ya hayo, mwenye fedha akapiga simu. Alitaka Mlinzi awe mchekeshaji fulani mwenye wafuasi lukuki Instagram. Sikumpinga kwa kiburi, maana jina kubwa linauza na mshahara wangu unatoka kwenye mauzo. Nilimkumbusha tu habari ya Destiny. Gemu hiyo ilitoka mwaka 2014, na Ghost, mtambo mdogo unaomfuata mchezaji kila mahali, alisemewa na Peter Dinklage, nyota wa televisheni aliyekuwa kileleni. Wachezaji wengi walilalamika kwamba sauti ni bapa. Mwaka uliofuata nafasi yake ikachukuliwa na Nolan North, na mistari ya zamani ikarekodiwa upya. Dinklage ni mwigizaji mkubwa, hilo halina ubishi. Lakini kurekodi mara mbili ni kulipa mara mbili, na hoja hiyo mwenye fedha aliielewa kuliko zote nilizozitoa. Mchekeshaji akapewa tangazo la kuinadi gemu, na nasikia alilifanya vizuri.

Duru ya mwisho ilikuwa ana kwa ana, kwa wale wa mbali kwa njia ya mtandao. Hapa sitathmini tena usomaji wa kwanza, natathmini umbali kati ya wa kwanza na wa pili, baada ya mimi kusema neno. Yule mama aliyeuliza swali alikuja mwenyewe, mtu mzima wa redio, kitenge na miwani ya kusomea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, huyu mtambo wenu ana shida gani?"

Akasoma. Ilikuwa sauti kubwa, pana, ya redio iliyowekwa dirishani ili hata jirani asikie. Tulilelewa hivyo. Lakini gemu inaingia kwenye sikio la mtu mmoja, hasa akiwa na hedifoni, kitandani, saa sita usiku. Nikamwambia: "Mama, nahodha amelala. Wengine watatu wamelala chumba kile kile. Unataka aamke yeye tu."

Hakutikisa kichwa wala kuuliza zaidi. Alisogea karibu na maiki, akaipa ubavu kidogo ili "p" na "b" zisiipige, mazoea ya miaka. "Nahodha." Kimya. "Mlango wa saba umefunguliwa." Kimya. Akanitazama kupitia kioo.

"Ameamka?"

"Bado, mama."

"Sasa mbona mnataka niendelee? Hiyo habari ya pili namwambia nani?"

Akarudia "Nahodha" peke yake, mara hii kwa kidato kinachopanda kidogo tu, kama anayegusa bega. Akasubiri. Ndipo akasema, "Hakuna aliyeufungua." Mwandishi wa hadithi alikuwa kakaa kwenye kona na kompyuta yake, nikamwona akiandika "Nahodha" ya pili kwenye muswada. Iko kwenye gemu hadi leo, na imeingizwa kwenye sehemu nyingine kadhaa ambako Mlinzi anahitaji kumwamsha mtu.

Yule wa Lubumbashi hakuhitaji kurekebishwa sana, na hilo lilinitia wasiwasi kidogo. Nilipomwomba njia nyingine, alinipa ile ile ikiwa nzuri zaidi. Nilipomwomba Mlinzi anayemdanganya nahodha, bado alikuwa mkweli. Ni sauti ambayo mtu unaiamini, na Mlinzi, bila kuharibu hadithi, anahitaji kuaminiwa hadi mahali fulani tu. Mama alipoombwa uongo, aliongeza upole. Upole ule ulinitisha kuliko kitu chochote nilichokisikia katika usaili mzima. Akapata kazi yeye.

Huyu mwingine tulimpa mchimbaji mkuu, mtu wa vitendo, mwenye mayowe mengi: kuanguka, kuungua, kuishiwa hewa, kufa kwa namna mbalimbali kadiri mchezaji anavyokosea. Watu wa nje ya kazi hii hawajui kwamba hizo sauti zisizo maneno ndizo zinazoumiza. Waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA nchini Marekani waligoma kuanzia Oktoba 2016 hadi Septemba 2017, na madhara ya mayowe kwa koo yalikuwa miongoni mwa madai yao. Kwetu hakuna chama cha kumgomea mtu, kwa hiyo tulijiwekea kanuni wenyewe: mayowe mwisho wa siku, maneno ya kawaida mwanzo, maji ya uvuguvugu, na yowe likitoka na mkwaruzo tunafunga hata kama mistari haijaisha. Fundi anayeomba "mara moja tu tena" anatolewa nje.

Kabla hajasaini, yule wa Lubumbashi aliomba kuuliza jambo moja. "Papa, ile sauti mulikamata kwa majaribio, mutafanya nayo nini?"

Swali halali. Mwezi Julai 2024 chama hicho hicho kiligoma tena kwa upande wa gemu, safari hii kwa sababu ya akili unde inayoweza kunakili sauti ya mtu ikasema asichowahi kusema, na mgomo haukumalizika hadi mwaka 2025. Na mtu aliyetuma majaribio akashindwa ndiye asiye na kinga kabisa, kwa kuwa hana mkataba wowote wa kushika mkononi, na sauti yake imebaki kwenye kompyuta ya watu asiowajua. Nikamwita kijana anayetunza faili. Tukakubaliana kuongeza kifungu: za waliochaguliwa zitumike kwenye gemu hii tu, za wasiochaguliwa zifutwe na mwenyewe ajulishwe, na hakuna sauti itakayolishwa kwenye programu ya kunakili bila ruhusa ya maandishi. Mwanasheria aliona kifungu ni kirefu. Mama, ambaye alikuwa ameshasaini wiki iliyotangulia, alipokisikia alidai karatasi zake zirudishwe ziandikwe upya, na zikaandikwa.